Vibandiko Visivyoshika Kwenye Baridi

Mwanangu Tatu,

Nisamehe nimechelewa. Barua hii ilikuwa niiandike tangu masika, siku ile ile tuliyorudi nyumbani hatusemezani, wewe umeficha mikono ndani ya khanga kama mtu aliyeungua. Nikasema kesho. Kesho yake mdogo wako Salumu akaanza kuota jino, ikawa kesho nyingine. Na mimi na usingizi tunajuana, nikikaa tu kichwa kinaanguka. Ndiyo mvua zimekatika, mahindi yamevunwa, kesho asubuhi unapanda basi la Mbeya, na leo ndiyo nimeshika kalamu.

Umekwenda Mwembesongo kusuka, na kwa nywele zako zile hurudi kabla ya magharibi. Salumu kalala mkekani. Nimekaa hapa kizingitini, na nikiinua macho nauona mlima umefunikwa na ule moshi wa mashamba yanayochomwa, umekaa kama kitu ambacho mtu alikiota akaamshwa kabla hakijaisha. Nikiutazama sana macho yanataka kufumba. Kwa hiyo nitaandika nikiwa nimeinama.

Mambo ya shuka na ndoo na sabuni sitayataja. Umeshafunga mizigo, na bibi yako wa Mlali amekwisha kukuhubiria ya kutosha kwa simu.

Nataka kukujibu lile ulilosema juzi tukichambua mchicha. Ulisema bila kuniangalia, "Mama, chuo nitakwenda, lakini nikifika nitaomba wanitoe famasi. Waniweke masjala nipange mafaili. Faili haliui mtu." Na mimi nikasema, "Haya. Mchicha huo bado una mchanga."

Ndivyo nilivyojibu. Mtoto anasema jambo la maisha yake, mama yake anajibu mchanga. Sikuwa nimepuuza, mwanangu. Nilikuwa sijui nianzie wapi, na mchanga ulikuwa karibu.

Basi naanza na ile mashine, maana nataka tuikumbuke ilivyokuwa kabla hatujaiogopa.

Unakumbuka ilivyoingia? Imefungwa nailoni nyeupe na sponji nyeupe, vijana wawili wameibeba taratibu, hawazungumzi. Sista Perpetua wa wodi ya wazazi akatokea kwenye korido, akaona ule weupe, akapiga vigelegele mpaka wagonjwa wakachungulia. "Bibi harusi huyo! Waluguru, toeni mkaja, mwali hakai bure kwenu!" Nikamrudishia utani, "Nyamaza wewe Mnyamwezi, ninyi mahari yenu ni asali." Jina likashika siku hiyo hiyo. Hata Bwana Mhina, mkuu wetu wa famasi, mtu asiyecheka, asubuhi anauliza, "Bibi harusi kaamka?" Nami nikamletea kile kitambaa changu cha kufuma, tukawa tunamfunika vumbi lisimwingie.

Ni kabati la chuma tu, kimo cha friji ndogo, na kioo juu yake. Unaingiza trei ya dharura, ile yenye dawa ambazo wodi inazihitaji mtu akizidiwa ghafla, unafunga mlango, linanguruma kidogo kama paka aliyeshiba. Halafu kioo kinakuandikia kila kitu: hiki kipo, hiki kimetumika, hiki kinakaribia kuisha muda. Trei ikiwa kamili inawaka taa ya kijani. Ikipungua kitu, nyekundu. Na linavijua vitu hivyo kwa vile vibandiko vyembamba kama magamba ya dagaa, kila kichupa na chake, ndani yake kuna kitu kama unywele wa shaba.

Kabla ya hapo nilikuwa nahesabu kwa kidole. Trei moja baada ya nyingine, kidole kinagusa, mdomo unasema. Wakati Salumu alipokuwa mchanga nilihesabu nikiwa nimelala nusu, na mara nyingine nilisikia sauti yangu mwenyewe ikifika mahali ambapo vichupa vilishakwisha. Kwa hiyo ile taa ya kijani, mwanangu, sikuiona kama taa. Niliiona kama mtu aliyenishika bega akaniambia, pumzika, mimi nimeshaangalia.

Ukaja wewe kujitolea, unasubiri chuo. Nilikuwa nakuona umevaa lile koti la kuazima, mikono imekuzidi, unasoma majina ya dawa ambayo mimi wa darasa la saba nimeyajua kwa rangi na umbo miaka yote hii. Nilifurahi kiasi cha kuona aibu.

Halafu vibandiko vikaanza kudondoka. Unajua mwenyewe. Dawa ya kuzuia damu kwa wazazi inakaa kwenye friji, na ukiitoa kwenye joto la mji huu kichupa kinatoka jasho hapo hapo, gundi inalowa, kibandiko kinateleza kinakwenda zake. Tukawa tunavikuta sakafuni, ndani ya viatu, kimoja tulikikuta kwenye chapati ya mtu. Na kila kikidondoka, taa nyekundu. Trei imejaa, mashine inasema imepungua. Sista Perpetua akawa anapiga simu kutoka wodini, "Mama Tatu, bibi harusi wenu kanuna tena? Mimi nina wazazi huku, sina muda wa kumbembeleza."

Siku ile ulisimama umeshika kibandiko kwenye ncha ya kidole. Ukasema, "Mama, kwa nini tusivibandike kwenye trei yenyewe? Kila kichupa kina kijumba chake. Kibandiko kikae chini ya kijumba, pale hapalowi."

Ukafanya. Ukakausha trei, ukabandika kimoja kimoja, ukatia vichupa juu yake, ukafunga mlango. Kijani. Ukarudia trei nyingine. Kijani. Nilipiga makofi peke yangu kama mwendawazimu. Bwana Mhina alikuwa likizo, na sikumsubiri. Nilitoka na habari ile nikaitangaza mpaka jikoni: mwanangu kaiweza mashine, mwanangu ana akili ya kuzaliwa nayo. Sikukuuliza swali hata moja. Mama mwenye busara angekuuliza, "Na kichupa kikitoka, kibandiko kitajuaje?" Mimi niliuliza tu kama una njaa.

Mchana wa siku ile nyingine nataka niuandike kama ulivyokuwa, kwa sababu najua wewe unauona usivyokuwa.

Trei ya wodi ya wazazi ilirudi asubuhi imetumika. Niliipokea mimi. Wewe ulikuwa dirishani unagawa dawa kwa wagonjwa wa nje. Nilijaza nilichoona kimepungua, nikaitia kwenye kabati, nikaegemea ukuta. Mvua ilikuwa inanyesha ile ya kulaza watu. Taa ikawaka kijani. Nikafunga trei kwa lakiri ya plastiki nikaipandisha wodini, na nina hakika njiani nilikuwa naota, maana korido ile niliiona ndefu, ina nyasi pembeni.

Baada ya adhuhuri tukasikia kandambili. Hizo ndizo ulizosikia wewe, na najua bado unazisikia: kandambili za Sista Perpetua zikipiga sakafu, mtu mzima mnene anakimbia. Mama mmoja aliyejifungua alikuwa anatoka damu, Sista akakata lakiri, akakuta kijumba cha ile dawa kitupu. Kibandiko kipo chini yake, kinang'aa. Akakimbia chumba cha upasuaji, akapewa kichupa cha kwao, akarudi mbio. Yule mama akapona. Nakuandikia tena, akapona, alikwenda nyumbani na mtoto wake akiwa anatembea kwa miguu yake. Lakini ule muda wa kukimbia upo. Hakuna wa kuufuta.

Bwana Mhina aliporudi hakupiga kelele. Aliinua trei, akaondoa vichupa vyote akaviweka mezani, akaingiza trei tupu ndani ya kabati. Ikanguruma. Kijani. Akatuangalia wote, akasema, "Mashine haijui kichupa. Inajua kibandiko. Kichupa tunakijua sisi." Basi. Wewe ukasema, "Ni mimi, Bwana Mhina, shikamoo, ni mimi nilibandika." Ulimwamkia katikati ya kukiri kosa, mwanangu, na mpaka leo naikumbuka ile shikamoo. Nami nikasema, "Alibandika yeye, nikafunga mimi. Tuandike wawili." Tukaandikwa wawili, kazi ikaendelea.

Ila wewe hukuendelea. Tangu siku hiyo Salumu akipata homa unaniletea chupa ya dawa na kijiko, unasema, "Mpe wewe, mama." Nikiwa nimelala unaniamsha nimpe. Kijiko kimoja cha dawa ya homa, mtoto wa kidato cha nne aliyefaulu kemia. Nimekuona unaweka chumvi kwenye mboga, unaonja, unaonja tena. Nimeona, nikanyamaza, nikidhani itapita kama mafua. Hilo ni kosa langu jingine, na ni la zamani sawa na wewe. Mimi nina tabia ya kutokutazama.

Nikuambie ilikotoka. Ulipokuwa mchanga tulikaa juu kabisa, kabla bibi yako hajashukia Mlali. Nilikuwa na umri kama wako huu huu. Uliugua kifua. Bibi yako akakufunga mgongoni mwangu alfajiri nikupeleke zahanati, na ukungu siku hiyo ulikuwa mzito, sioni miguu yangu, nasikia tu maji yanateremka mahali na sijui ni kulia au kushoto. Nikawa natembea ndani ya kitu cheupe. Nilikuwa naimba. Mahali fulani njiani ukanyamaza. Kukohoa kukakoma, kupumua sikusikii, mgongo wangu umelowa na sijui ni jasho lako au ni ukungu. Mtu mwingine angesimama akafungua mbeleko akatazama. Mimi sikusimama, mwanangu. Niliogopa nitakachokiona. Nikatembea njia yote ile mpaka chini, naimba ule ule wimbo, nikisema moyoni kwamba maadamu sijafungua, bado ninaye mtoto.

Muuguzi wa zahanati akakufungua. Ulikuwa umeamka, macho meupe, unatafuna ncha ya khanga. Akaniuliza, "Mbona unalia na mtoto mzima?"

Kwa hiyo ninapokwambia kwamba siku ile ya trei nilichoka, ni kweli, lakini si kweli yote. Nilipenda taa ile kwa sababu ilinipa ruhusa ya kutofungua mbeleko. Wewe kosa lako si la namna hiyo. Wewe uliona jambo limeharibika ukanyoosha mkono kulitengeneza, ukawahi kufurahi kabla hujalizungusha upande wa pili. Mtu wa namna yako akifundishwa kuzungusha, anakuwa fundi. Wa namna yangu inabidi ajilazimishe kila siku, kama kumeza shubiri.

Usidhani nakupaka mafuta. Ulikosea. Kama yule mama asingepona ningekuandikia barua nyingine kabisa, na sijui kama ningeweza. Nakutaka uende na kosa lako huko Mbeya, usiliache hapa nyumbani chini ya kitanda, mimi sitalifagia. Ila ulibebe kama mtu anavyobeba mtoto, kwa kuujua uzito wake, si kama anavyobeba jini.

Na hilo la mafaili. Faili linaua, mama. Muulize mtu aliyesomewa majibu ya mwenzake. Hakuna chumba katika hospitali ambacho mtu ataingia asishike maisha ya mtu, hata anayefagia. Mimi nilipoanza kazi nilikuwa nafagia tu, unajua hiyo habari? Nimewahi kukusimulia nusu. Siku yangu ya kwanza niliona chupa za dawa ya kikohozi zimenatanata vumbi, nikaona hawa watu ni wachafu. Nikazijaza kwenye beseni la maji moto na sabuni, nikazisugua zikang'aa. Na karatasi zote za majina zikabanduka. Rafu nzima ya chupa safi zisizo na jina, na nyingine hazikuwa za kikohozi. Niliyemkuta kazini enzi hizo, bibi mmoja mrefu, aliinua moja, akasema, "Binti, umezibatiza kinyume." Zikamwagwa zote. Sikulala. Nilitaka kurudi mlimani nikalime maharage. Aliyenirudisha ni yule yule bibi, maana asubuhi yake alinipa chupa moja mkononi akaniambia, "Hii ina vumbi. Ifute." Akasimama kuniangalia. Nikafuta kwa kitambaa kikavu, nikikwepa karatasi. Akanipa nyingine.

Hakunipa maneno, alinipa chupa. Nimekaa na hilo tangu masika bila kujua kwamba ndilo nililotakiwa kukufanyia. Kila ulipoleta kile kijiko nilitakiwa nikurudishie mkononi, nisimame nikuangalie. Badala yake nilimnywesha Salumu mimi mwenyewe, nikidhani nakuonea huruma.

Juma lililopita nimeota. Nilikuwa juu kule kwetu, ukungu mweupe, na majani yote ya migomba yana vibandiko, vidogo, vinang'aa kama mvua imekataa kudondoka. Wewe ulikuwa unapita chini yake umeshika kitambaa, unafuta jani moja moja, huna haraka. Nikakuita. Ukasema, "Subiri mama, hili bado limelowa." Nikaamka nimefurahi, na sikujua kwa nini mpaka nilipofika kazini.

Kazini siku hizi tunafanya hivi. Kijani ikiwaka, bado nafungua trei, nagusa kila kichupa kwa kidole, nasema jina lake kwa sauti, ndipo nafunga lakiri. Sista Perpetua ananicheka, "Mtani, unawasalimia mmoja mmoja?" Namwambia ndiyo, na wewe pita uwasalimie. Vibandiko tumevirudisha kwenye vichupa mahali pake. Na vinadondoka bado! Leo asubuhi nimeokota tena sakafuni. Bwana Mhina ameandikia wenye mashine, hawajajibu, na mvua za vuli zinakaribia, unyevu utazidi. Tatizo uliloliona wewe ni la kweli mpaka leo, hakuna aliyelitatua. Jibu lako lilikuwa baya. Swali lako lilikuwa zuri, na liko hapa mezani linakusubiri.

Sitakukataza masjala. Una miaka yako na miguu yako. Ukimaliza mwaka wa kwanza wa famasi, mikono ikiwa bado inakataa, hama, nitakuwa wa kwanza kukupongeza kwa mafaili yako. Lakini usihame siku ya kufika. Usiniache mimi na tabia yangu ya kutotazama, halafu na wewe uichukue.

Nasikia Salumu anageuka, ataamka sasa hivi. Bibi yako ameniambia wasafiri huombewa, na nitakuombea, hilo usiwe na shaka nalo. Lakini nina haja na vitu, na ni wewe wa kunitumia. Naviandika ili usiseme nilisahau.

Nitumie jina la gundi inayoshika kwenye kioo chenye baridi. Waulize walimu wako wa famasi, na kama hawajui, uwaulize wanaojua ni akina nani.

Nitumie jibu la hili: kichupa kikitoka kwenye friji, kikae nje kiasi gani ndipo kikauke bila dawa kuharibika? Mimi nakisia tu, na kukisia nimechoka nako.

Nitumie kitambaa cha kufutia kisichoacha nyuzi. Kile kidogo cha maabara kinatosha.

Nitumie habari ya kosa la kwanza utakalolifanya huko, likiwa bado bichi, kabla hujalipambia maneno.

Na kichupa kimoja kitupu cha kioo. Watakaokupa chuoni wapo. Ukiweke kwenye baridi, ukitoe, ukikaushe, ukibandike kibandiko kwa mkono wako mwenyewe. Kibandiko nimekutilia kimoja kwenye bahasha hii. Kichupa ukifunge kwenye kitambaa kibichi, tuone kama kibandiko kitashika njia nzima, umpe kondakta wa basi. Nitakuwa Msamvu kukipokea, nitakifungua pale pale stendi, nitazame.

Mama yako